Lililogoma Kwenye Pete

Ilianza Jumatano, saa nane na robo mchana. Saa sikosei, kwa sababu pembeni ya kioo cha kompyuta paliandikwa 2:15, na mimi niliona bora niitazame hiyo kuliko kutazama watu. Mbele yangu palikuwa na swali fupi, kwa Kiswahili chetu hiki hiki: Una miaka mingapi? Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu. Vidole vyangu vilikuwa vinanuka maganda ya machungwa.

Sijawahi kuliandika hili. Nina daftari ambalo naandika kila kitu, mpaka ugomvi wa majirani na rangi ya mboga ya jana, lakini hili nimekuwa nikiliruka kama mtu anavyoruka dimbwi la mlangoni kwake, kila siku, mpaka mguu unaruka wenyewe. Jana darasani, mwalimu akiwa amegeukia ubao, msichana wa nyuma yangu alimenya chungwa chini ya dawati. Ile harufu ya ganda linapochanika, ile inayorusha ukali mpaka machoni, ikanifikia, na kalamu ikasimama. Nipo kidato cha nne sasa. Watu huniita mkubwa. Lakini nilikaa pale nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama ukutani, nasubiri kuitwa.

Kwa mwenzangu ambaye hakukulia Muheza, nieleze kwanza habari ya pete.

Mama yangu ni mchambuzi wa machungwa. Msimu ukifika, uwanja wa kupakia hujaa marundo, na wanawake hukaa chini, kila mmoja na rundo lake na pete zake mbili. Ni pete za waya mnene uliozungushiwa mpira wa baiskeli ili usikwaruze ganda. Moja kubwa, moja ndogo. Chungwa linapitishwa kwanza kwenye pete kubwa. Likikataa kupita, ni kubwa mno, litauzwa moja moja barabarani. Likipita, linawekwa juu ya pete ndogo. Likidondoka, ni dogo mno, litakwenda kwa watu wa juisi. Lakini likipita kubwa na kukataa ndogo, hilo ndilo la safari. Linaingia kwenye tenga, linapanda lori, linakwenda kuliwa na watu tusiowajua. Mama alifanya hivyo bila kutazama, akizungumza na wa pembeni yake habari za harusi na misiba, na mikono inakwenda tu.

Halafu kuna lililogoma. Hilo ni lile linaloingia kwenye pete na kubaki humo humo, halidondoki wala halikai juu, kwa sababu ukubwa wake na wa pete ni mmoja. Zamani, mama aliniambia, wachambuzi na wanunuzi waligombania hayo mpaka khanga zinafunguka. Mnunuzi anasema hili dogo, mchambuzi anasema hili limo. Mwisho wakapatana, na ndiyo desturi ya uwanja mpaka leo: lililogoma halihesabiwi kwa mtu. Ni la nyumbani. Mchambuzi analichomoa, analitupia kwenye kikapu kidogo nyuma yake, na jioni watoto wake wanakula.

Mimi nilikua nimekaa karibu na kikapu hicho. Hakuna aliyenieleza habari za ugomvi wakati huo, nilikuja kuambiwa baadaye. Nilichoelewa mwenyewe ni kwamba pete inajua. Machungwa mengine yote inayaacha yaende zake, lakini lile inalolipenda inalishika, inakataa kulitoa, mpaka mama alichukue kwa mkono wake mwenyewe. Na kweli yalikuwa matamu, au mimi niliyasikia matamu. Nilikuwa nikila nawaonea huruma watu wa mbali wanaoletewa yale yaliyopita tu.

Tulikuwa tukila wawili. Zaituni ni binti wa mama mkubwa, ambaye anaishi Kigombe na biashara yake ya samaki wa kukaanga. Zaituni aliletwa kwetu mdogo ili asome, ananizidi umri kwa mwaka mmoja, nami nikamwita Dada Zai mpaka tulipoingia sekondari darasa moja, akaniambia, "Hapa acha dada, utanizeesha." Zaituni alikuwa na mdomo wa watu wawili, na mmoja ulikuwa wangu. Mimi sauti yangu ilikuwa haitoki. Si kwamba nilikuwa sina la kusema. Nilikuwa nalo, nalipanga, nalipigia pasi, na nikimaliza watu wameshahamia jambo lingine. Hata mwalimu akiita majina asubuhi, akifika "Mwanaharusi", aliyejibu alikuwa Zaituni: "Yupo, mwalimu." Mwanzo walimu walikasirika, baadaye wakazoea. Mmoja alikuwa akiita jina langu huku anamtazama yeye moja kwa moja.

Mwaka ule ndipo alipokuja Mwalimu Ebeneza. Alitoka kule juu milimani, upande wa Amani, kijana, akijitolea, na alikuja na kompyuta tatu kuukuu ambazo moja ilikuwa haina kitufe cha herufi K, unabonyeza kimpira kilichobaki. Kila Jumatano baada ya masomo, wasichana tuliotaka tulikaa chumba cha maabara akatufundisha kuandika programu. Tulimpenda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo inayoniuma. Alikuwa hapigi, hakemei, na alikuwa na maneno yake ambayo tuliyaimba njiani tukirudi. "Kompyuta haina mjomba," alikuwa akisema. "Haikujui, haikuchukii, haipokei chai. Ukiwa umo, umo. Ukiwa humo, humo."

Mimi maneno hayo niliyashika kama dua. Mtu mwenye aibu, akiambiwa kuna mahali ambapo hahitaji kujieleza, mahali ambapo anaandika namba na anajulikana, yeye anaona ameonyeshwa pepo.

Katikati ya muhula akatuambia kuna wageni watakuja kutoka Tanga mjini. Wanachukua wasichana wa kujaza gari moja, wakakae huko likizo nzima wakifundishwa kompyuta, na watakaofanya vizuri watatafutiwa shule ya kule yenye vifaa. Sharti aliliandika juu ya ubao kwa chaki ya bluu na hakutaka lifutwe: miaka kuanzia 13 mpaka 17. Kisha akasema, na macho yake yakang'aa, kwamba hatutachagua kwa mkono. Tutaandika programu sisi wenyewe, na mbele ya wageni kila msichana atabonyeza umri wake, kompyuta yenyewe imwambie.

Nilikuwa nimetimiza kumi na mitatu wiki iliyotangulia. Nilimwambia mama siku hiyo hiyo. Mama akatoa chini ya kitanda begi lake la harusi, lile jekundu lenye kufuli, akalianika juani litoke harufu ya dawa ya mende. "Mtaingiza nguo zenu wote wawili humu," akasema. "Na msigombane kule kwa watu."

Kuandika programu ile kulitupa taabu. Zaituni ndiye aliyekaa kwenye kibao, kama kawaida, na sisi tumemzunguka. Akaandika:

if umri > 13 or umri < 17

Maana yake: kama umri umezidi kumi na tatu, au haujafika kumi na saba. Mwalimu Ebeneza akasoma, akacheka taratibu. "Haya. Tumuingize bibi yangu wa kule mlimani. Ana miaka tisini."

Zaituni akaandika tisini. Kompyuta ikajibu: KARIBU.

"Bibi anakwenda Tanga," akasema Rehema. Huyu Rehema alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa watu wa shamba la chai, mkubwa kuliko sisi wote na haogopi mtu. "Mwalimu, umfungie ugoro wake mapema, gari haisubiri."

"Na mtoto aliyezaliwa leo?" akauliza mwalimu.

Zaituni akaandika sifuri. KARIBU.

"Naye anakwenda," akasema Rehema. "Atabebwa na bibi."

Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia. Mwalimu akaacha kicheko kiishe, akauliza kwa nini. Mimi nilijua. Nilijua tangu niliposikia swali, kwa sababu nilikuwa naona mikono ya mama. Bibi ameshapita kumi na tatu, kompyuta ikaridhika na hilo tu. Mtoto mchanga hajafika kumi na saba, ikaridhika na hilo tu. Ni kama mtu anayechambua kwa pete moja halafu anasema amemaliza. Nikamnong'oneza Zaituni: "Lazima zote mbili, Zai. Kama pete. Lipite kubwa na likatae ndogo."

Mkono wa Zaituni ukawa juu kabla sijamaliza. "Mwalimu, ni kama pete za machungwa. Pete moja haitoshi, lazima mbili kwa pamoja. Hapa tutoe or tuweke and, iwe hili na lile."

Mwalimu Ebeneza akampigia makofi peke yake, akasema huyu atakuwa injinia, na programu ya Zaituni ndiyo itakayoonyeshwa kwa wageni. Zaituni akanibana mkono chini ya meza. Sikuona vibaya. Siku zote sauti yangu ilitokea mdomoni kwake, na nilizoea kuisikia huko ikisifiwa.

Wakaijaribu tena. Bibi wa miaka tisini: SAMAHANI, HUMO. Mtoto mchanga: SAMAHANI, HUMO. Kumi na nne: KARIBU. Mwalimu akasema safi, akafunga kompyuta.

Jioni ile tulikuwa uwanjani kwa mama, tumekaa nyuma yake, tunamenya ya kwenye kikapu. Kuna jambo lilikuwa linanikwaruza.

"Zai," nikamwambia, "na mwenye kumi na tatu kamili je?"

"Kamili vipi?"

"Kama mimi. Umeandika mkubwa kuliko kumi na tatu. Mimi si mkubwa kuliko, mimi ni hiyo hiyo. Nimegusa pete."

Zaituni akatia kipande mdomoni, akanitazama toka juu mpaka chini kama mnunuzi. "Basi umegoma," akasema. "Lililogoma si la nyumbani? Tutakula."

Nilicheka mpaka maji ya chungwa yakanitoka puani. Mama akageuka nusu. "Hebu nyie, mkicheka hivyo nachanganya matenga."

Ulikuwa mzaha, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo nimejilazimisha kulikubali, na kulikubali hakujanisaidia. Zaituni alikulia uwanjani kama mimi. Kwake yeye yanayogusa pete hayahesabiwi, ndivyo mikono ya wakubwa ilivyokuwa ikifanya mbele yetu, na ndivyo alivyoandika. Msichana wa mji mwingine angeuliza. Sisi tulikuwa na desturi, hatukuona swali. Na mimi, Mungu anisamehe ujinga wangu, nililala nimetulia. Nilijua kompyuta haitaniambia karibu kama wengine. Nilidhani itanishika. Nilidhani baada ya kunishika atakuja mtu anichukue kwa mkono wake, kwa sababu ndivyo lililogoma linavyofanyiwa. Sikuwaza kwamba kompyuta haina kikapu nyuma yake.

Basi ikafika Jumatano ya wageni, mwisho wa muhula. Wageni walikuwa kina mama wawili, mmoja wa miwani na mmoja wa ushungi mweupe, na dereva aliyekaa nje kwenye kivuli cha gari. Tulisimama tukasema shikamooni, wakaitika marahaba kwa upole. Mwalimu Ebeneza alivaa tai, nadhani ndiyo mara ya kwanza, na alikuwa akiigusa gusa kama inamkaba. Madirishani walijaa wanafunzi wasio wa klabu yetu ya Jumatano. Zaituni alikaa kwenye meza, kando ya kompyuta, kwa kuwa ndiye mwenye programu. Mama wa miwani alikuwa akimuuliza maswali naye anajibu bila kutikisika.

Nilikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza wote walikuwa na miaka kumi na minne, wote karibu, wote makofi. Nikaja mimi. Nikabonyeza moja, nikabonyeza tatu, nikabonyeza kitufe kirefu cha kumalizia.

SAMAHANI, HUMO.

Mwalimu aliyasoma kwa sauti ile ile ya furaha aliyokuwa akisomea mengine, sauti ilikuwa imeshashika mwendo. "Samahani, humo. Anayefuata."

Zaituni akatazama kioo, akanitazama mimi. Nikamtabasamia. Nalikumbuka tabasamu hilo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Nilimtabasamia kama mtu anayejua siri, nikaenda kusimama ukutani, karibu na kabati la chupa za maabara, mahali pa kuonekana vizuri, nikangoja.

Wakapita wengine. Kila aliyekaribishwa alikwenda benchi la mbele. Mimi nilikuwa peke yangu ukutani na sikuona ubaya, kikapu siku zote kilikuwa na machache.

Akaja Rehema. Akabonyeza moja, akabonyeza saba. SAMAHANI, HUMO. Mwalimu akasoma. Rehema hakusogea.

"Humo wapi?" akauliza.

"Rehema, anayefuata tafadhali."

"Mwalimu, pale ubaoni umeandika mwenyewe, na chaki yako ya bluu. Mpaka kumi na saba. Mie nna kumi na saba. Au kompyuta yenu haijui kusoma?"

Madirisha yakacheka. Mama wa miwani naye akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Binti ana hoja." Mwalimu Ebeneza akagusa tai. Akatazama ubao. Akainama akatazama kioo kwa muda, na mimi nikaona mgongo wake unaelewa. Kisha akainua kichwa, na macho yake yakavuka chumba kizima yakaja moja kwa moja kwenye kabati la chupa. Yakasimama kwangu. Nina hakika na hilo kuliko nilivyo na hakika ya mambo mengi.

Nikajitenga kidogo na ukuta. Nikanyoosha sketi.

"Hitilafu ndogo," akawaambia wageni. "Vifaa vyenyewe vya zamani. Rehema, kaa kule benchini na wenzako." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo: "Anayefuata."

Kompyuta haina mjomba, lakini mwalimu alikuwa na wageni. Hitilafu moja mtu anaweza kuichekea. Mbili zingekuwa ni kusema kwamba programu yenyewe ni mbovu, na mwalimu hakuikagua, na yote tunayoyaona hapa ni maonyesho tu. Haya nayajua leo. Siku ile nilimgeukia Zaituni. Nikamtazama kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nasubiri neno moja, neno lake la kila asubuhi: yupo. Angesema tu yupo, mwalimu, yule pale, naye ana kumi na tatu. Zaituni alikuwa anaunyoosha waya wa kompyuta ambao ulikuwa umenyooka.

Na mimi je? Nilikuwa nalo la kusema, nimeshalipanga. Nilikuwa nalipigia pasi.

Walipokwisha wote, mama wa ushungi akahesabu kwa kidole, akasema bado kiti kimoja. Nikasema hapa sasa, ndipo ninapochukuliwa. Mwalimu akageuka, akazunguka chumba kwa macho, na safari hii macho yalipita juu ya kabati bila kusimama. Akaenda dirishani. "Wewe," akamwambia msichana wa kidato cha pili aliyekuwa amening'inia kwenye nondo. "Una miaka mingapi? Njoo." Msichana akaingia anacheka kwa mshangao. Hakuwa wa klabu. Alifika kwenye meza akauliza, "Nabonyeza wapi?" na Zaituni akamshika kidole, akamwongoza, moja, nne.

KARIBU. Makofi yakawa makubwa kuliko yote, kwa sababu na madirisha yalipiga.

Wageni wakapelekwa ofisini kula. Wengine wakatoka wanakimbia. Nikabaki mimi na mwalimu, anakunja waya. Nilifika kwenye meza, na sauti ikatoka, sijui ilitoka wapi, ikatoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Mwalimu. Na mimi nina kumi na tatu."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonithibitishia. Akafungua kompyuta upya, akaketi, akavuta kiti cha pili niketi. Alikuwa mpole mno. "Unaona hapa?" akasema. "Zaituni ameandika mkubwa kuliko, peke yake. Ilitakiwa mkubwa kuliko au sawa na. Ni alama hii tu." Akabonyeza kitufe kimoja. Akasogea akabonyeza tena upande wa kumi na saba. "Basi. Hebu jaribu sasa."

Nikaandika kumi na tatu.

KARIBU.

Chumba kilikuwa kitupu. Yale maandishi yalikaa pale, makubwa, na feni ya kompyuta inanguruma.

"Umeona?" akasema. "Umejifunza kitu kikubwa leo, Mwanaharusi. Waandishi wa programu wengi wanakosea ukingoni. Daima jaribu namba za ukingoni." Akafunga kioo. "Gari limeshajaa, lakini. Ungesema mapema."

Nikasema ahsante, mwalimu. Ndiyo, nilisema ahsante.

Nyumbani nilikuta begi jekundu liko kitandani, wazi, na nguo za Zaituni upande mmoja. Upande wangu ulikuwa mtupu, amenibakishia. Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele.

"Zako ziko wapi?" akaniuliza.

"Mimi siendi."

"Huendi vipi? Si mmesema miaka, na miaka unayo?"

Nikamtazama Zaituni. Akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja. "Kompyuta ilikataa, mamdogo," akasema. "Na Rehema ilimkataa, lakini Rehema akasema."

"Na huyu?"

"Huyu hakusema."

"We ulikuwa wapi?" mama akamuuliza.

Zaituni akalitia gauni begini. Mama akarudi kwenye mchele wake. Alikuwa mtu asiyejua kompyuta ni nini, na mambo ya shule aliyaacha kwa shule. Tulipobaki wawili nikamwambia Zaituni neno moja tu, sikuwa na mengi. "Kila siku unanisemea."

"Kila siku," akasema, na macho yalikuwa yamemjaa. "Leo walikuwa wananitazama mimi. Ningesema, wangejua nimekosea. Ungesema mwenyewe, Mwanaharusi. Mara moja tu."

Kisha akajaza upande wangu wa begi.

Yaliyofuata nayaandika kwa kifupi kwa sababu ni marefu. Zaituni alifanya vizuri, akatafutiwa shule kule, yuko kule mpaka leo, na huja sikukuu na simu nzuri na maneno machache. Mwalimu Ebeneza alipata kazi ya kudumu kwingine kabla mwaka haujaisha, akaondoka na kompyuta zake, maabara ikarudi kuwa ya chupa. Asubuhi wakiita majina sasa naitika mwenyewe. Watu wanasema nimechangamka. Sikuchangamka. Hapakuwa na wa kuitika.

Lakini ile Alhamisi asubuhi, kesho yake, bado sijaiandika.

Gari lilikuwa likiondoka shuleni mapema. Mama aliniambia niende nikamsindikize ndugu yangu, nisiwe na roho hiyo. Sikwenda. Nilikwenda uwanjani, nikaketi mahali pa mama kabla hajafika, nikachukua pete zake mbili. Rundo lilikuwa na umande. Niliyajua yote kwa kuyaona kwa miaka, mikono ikaanza yenyewe: hili kubwa, hili la safari, hili la juisi, hili la safari. Mama akaja, akanikuta, akakaa pembeni yangu bila neno akawa ananisogezea.

Gari lilipita barabarani. Nilijua ni lile kwa sababu ya nyimbo. Sikuinua kichwa, kwa sababu chungwa nililoshika lilikuwa limepita pete kubwa, nikaliweka kwenye ndogo, nalo likaingia nusu likashikwa. Limegoma. Mama akanyoosha mkono wake kwa mazoea, alichukue alitupie nyuma, kwenye kikapu.

"Acha," nikamwambia.

Nililichomoa kwa juu, nikalifuta umande kwa sketi yangu ya shule, nikaliweka kwenye tenga la safari, katikati ya mengine. Halikudondoka, basi limo. Mama akanitazama. Nikalikamata jingine.